Msuli wa grasilisi uko wapi hasa, na mgonjwa akiupoteza atatembeaje?

Swali: Shikamoo daktari. Niko mwaka wa pili wa masomo ya ubingwa wa upasuaji. Hivi karibuni nitakuwa msaidizi kwenye operesheni ya mama mwenye fistula ya kibofu na uke ambayo imeshashonwa mara mbili ikarudi. Bingwa wetu amesema safari hii ataweka msuli wa grasilisi kutoka pajani. Majina ya misuli ya ndani ya paja nimeyakariri, lakini nikifungua picha nachanganyikiwa: upi uko mbele, upi nyuma, grasilisi nitautofautishaje na adakta longasi, na damu yake inaingilia wapi? Halafu mgonjwa mwenyewe ameniuliza, mkinitoa huo msuli nitatembeaje? Sikuwa na jibu.

Jibu: Marahaba. Vitabu vingi huitaja misuli hii sita mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na mahali unapoanzia na unapoishia, na ukifunga kitabu unabaki na orodha tu. Pajani hakuna orodha. Kuna tabaka, unazikuta kwa zamu ukitoka kwenye ngozi kwenda kwenye mfupa. Kwa hiyo iweke orodha kando, shika jambo moja: adakta brevisi ndio msuli wa katikati. Neva, ateri na njia ya kuufikia mzizi wa damu wa grasilisi, ule tunaouita pedikeli, vyote vinajipanga mbele au nyuma ya adakta brevisi.

Mlaze mgonjwa chali kichwani mwako, goti limekunjwa kidogo na paja limefunguliwa. Tabaka la juu lina misuli mitatu. Ukitoka upande wa ateri ya femorali, ateri kuu ya paja, kuelekea katikati ya mwili, unaanza na pektineasi, kisha adakta longasi, kisha grasilisi. Tabaka la kati ni adakta brevisi peke yake, umejificha nyuma ya pektineasi na longasi. Tabaka la nyuma ni adakta magnasi, msuli mkubwa kuliko yote hapa, unaotandaza nyuzi zake kama upepeo kutoka mfupa wa kinena na mfupa wa kikalio hadi urefu wote wa nyuma ya mfupa wa paja. Wa sita, obturata ekstenasi, uko juu kabisa na ndani kabisa, umeziba kwa nje tundu la obturata kwenye mfupa wa nyonga. Kwenye operesheni hii hutauona, na usiutafute.

Sasa neva. Neva ya obturata inatokana na mizizi ya neva za uti wa mgongo, upande wa kiuno, L2, L3 na L4, inapita kwenye ukuta wa pembeni wa fupanyonga, inatoka kupitia mfereji wa obturata, kisha inagawanyika matawi mawili. Tawi la mbele linashuka mbele ya adakta brevisi, nyuma ya pektineasi na longasi. Tawi la nyuma linatoboa obturata ekstenasi na kushuka nyuma ya brevisi, mbele ya magnasi. Tawi la mbele linahudumia longasi, grasilisi na kwa kawaida brevisi, kisha linatoa hisi kwa ngozi ya upande wa ndani wa paja. Tawi la nyuma linahudumia obturata ekstenasi na sehemu ya magnasi. Sehemu ya magnasi inayotoka kwenye mfupa wa kikalio inalishwa na neva ya siatiki kwa sababu kazi yake ni ya misuli ya nyuma ya paja, ya kunyoosha nyonga, ingawa imekaa huku. Pektineasi nao mara nyingi huhudumiwa na neva ya femorali. Wanaotunga mitihani wanazipenda hizi tofauti mbili. Kwa kazi yako ya safari hii hazina uzito.

Ateri ndiyo yenye uzito. Ateri ya femorali na vena yake hupita mbele ya adakta longasi. Tawi lake kubwa, profunda, hupita nyuma ya longasi. Maana yake msuli huu umekaa kati ya mishipa minne mikubwa: mbele yake ateri ya femorali kisha vena ya femorali, nyuma yake vena ya profunda kisha ateri ya profunda. Ndiyo maana kisu kimoja kikiingia kwenye ncha ya chini ya pembetatu ya femorali (eneo la mbele ya paja, chini ya kinena) kinaweza kukata yote minne kwa mkupuo, na ndiyo maana mtu anayebana kwa forsepsi bila kuona, nyuma ya longasi, huongeza tatizo badala ya kuliondoa. Pedikeli ya grasilisi hutokana na profunda, au na ateri ya medio sakamfleksi ya paja, inapita chini ya longasi, juu ya brevisi na kisha juu ya magnasi, ikielekea katikati ya mwili mpaka iguse uso wa ndani wa grasilisi. Tawi la mbele la neva ya obturata nalo liko kwenye uwazi huohuo. Ukishauvuta longasi mbele na ukauona uso wa brevisi, umefika kwenye chumba chenye kila unachokitafuta.

Grasilisi wenyewe ni msuli mwembamba, bapa, mrefu, ulio karibu na ngozi kuliko wenzake wote upande wa ndani kabisa wa paja. Kwa mtu mzima nyama yake ina urefu wa takriban sentimita 24 hadi 30, na upana kama sentimita 6 kwa juu, ukipungua kadiri unavyoshuka hadi unakuwa kano nyembamba ya mviringo. Unaanzia kwenye mfupa wa kinena na tawi lake la chini kwa utando mwembamba, unashuka wima, unapita nyuma ya goti upande wa ndani, na kujishikiza kwenye sehemu ya juu ya mfupa wa muundi pamoja na kano za sartoriasi na semitendinosasi. Hapo pana sifa moja ya kuishika vizuri: katika misuli yote sita, ni grasilisi peke yake unaovuka goti.

Sifa hiyo ndiyo kipimo chako mezani. Shika msuli unaoushuku kwa vidole viwili, mwombe msaidizi mwingine anyooshe goti polepole, kisha alikunje. Kama ni grasilisi, utakazika goti likinyooka na kulegea likikunjwa. Kama ni adakta longasi, hautajali goti linafanya nini, kwa sababu unaishia kwenye mfupa wa paja. Ongeza na mwelekeo wa nyuzi: za grasilisi zinakwenda wima, sambamba na urefu wa paja, za longasi zinakwenda mshazari, kutoka kinena kuelekea nje na chini, na msuli wenyewe ni mnene wenye umbo la pembetatu. Ukiona nyuzi za mshazari huku unadhani umeshika grasilisi, uko mbele mno. Ukiona msuli mpana na wa kina usio na ukingo wa nyuma, umezama kwenye magnasi.

Kabla ya siku yenyewe, jizoeze kwa mguu wako mwenyewe. Kaa kitini, fungua paja, kisha libane huku mkono wako ukilizuia. Kamba ngumu inayojitokeza kinenani ni kano ya adakta longasi. Ifuate juu kwa kidole mpaka mfupani. Hapo karibu ndipo kilipo kinundu cha mfupa wa kinena, ambacho vipimo vyote vinaanzia. Kisha kunja goti huku ukikandamiza kisigino sakafuni kwa kukivuta nyuma. Upande wa ndani wa nyuma ya goti utahisi kano mbili. Iliyojitokeza zaidi, kuelekea nyuma, ni ya semitendinosasi. Nyembamba iliyo ndani zaidi yake ni ya grasilisi.

Kuhusu sababu ya bingwa wenu kuuchagua: fistula nyingi za uzazi hufungwa bila flapu yoyote (kipande cha tishu kinachohamishwa pamoja na damu yake), na panapohitajika tishu ya kuongezea, wengi huanza na pedi ya mafuta ya mdomo wa uke, yaani flapu ya Martius, kwa kuwa iko palepale. Grasilisi huletwa pale ambapo makovu yameua mzunguko wa damu, tundu ni kubwa, ukarabati umeshindwa mara kadhaa, au sehemu imechomwa kwa mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi. Msuli unakuja na damu yake kutoka nje ya eneo lililoharibika, unajaza uwazi, na unaitenganisha mishono ya kibofu na mishono ya uke isigusane. Si wazo jipya: Garlock alieleza matumizi haya kwa fistula sugu ya kibofu na uke mwaka 1928. Lakini muulize mgonjwa kama kinena chake kimewahi kupigwa mionzi au kupasuliwa. Kama kimepigwa, pedikeli yenyewe inaweza kuwa imeumia, na ni heri kuutumia mguu wa pili, au kutafuta njia nyingine.

Sasa kazi yenyewe. Mgonjwa hulazwa chali, miguu juu ya vishikizo. Weka pamba nene chini ya sehemu ya nje ya goti, pale neva ya peroneali inapozunguka kichwa cha mfupa mwembamba wa mguu, na usiiache miguu imening'inia juu saa nyingi bila kuishusha. Misuli ya shavu la mguu huweza kuvimba ndani ya utando wake na kukosa damu. Osha mguu mzima kutoka kinenani hadi chini ya goti, na ufunike kwa namna itakayoruhusu goti kukunjwa na kunyooshwa. Ukilifungia goti ndani ya vitambaa umejinyima kile kipimo.

Chora mstari kutoka kinundu cha mfupa wa kinena hadi upande wa ndani wa goti. Ukingo wa longasi uko karibu na mstari huo kwa juu, na grasilisi uko sentimita 2 hadi 3 nyuma yake. Kwa mgonjwa mnene au mwenye ngozi iliyolegea, chora akiwa amesimama au amelala miguu imenyooka, kabla ya kuipandisha, kwa sababu ikishapandishwa ngozi hudondoka nyuma na mstari unahama. Kisha pima sentimita 10 chini ya kinundu, weka alama ya msalaba. Pedikeli kuu huingia kwenye msuli kati ya sentimita 8 na 10 hapo, ingawa kwa wengine huwa juu au chini kidogo. Kutoka sentimita 12 kupanda juu, mkono uwe mzito wa kukata na mwepesi wa kuangalia.

Wapo wanaofungua paja lote kwa mkato mmoja mrefu. Mikato miwili inatosha na inapona vizuri zaidi, mradi uanze na wa chini. Fungua sentimita 3 hadi 4 upande wa ndani, juu ya goti, nyuma ya sartoriasi. Hapo mambo mawili yako njiani: vena kuu ya safena iko kwenye mafuta, chini tu ya ngozi, na neva ya safena hujitokeza kati ya sartoriasi na grasilisi. Isogeze vena, iache neva. Ukiikata mgonjwa atalalamikia ganzi au mchomo upande wa ndani wa mguu hadi karibu na kifundo. Ukishafungua utando utaona sartoriasi kwa mbele, bado ni nyama. Nyuma utaona nyama nene ya semimembranosasi na juu yake kano ya semitendinosasi. Katikati kuna kano ya mviringo inayong'aa: hiyo ni grasilisi. Izungushie mkanda laini, ivute taratibu, na weka kiganja cha mkono wa pili kwenye paja la juu. Utauhisi msuli ukikazika chini ya kiganja, kwenye mstari uliouchora. Usipouhisi, usikate; umeshika kano nyingine.

Mkato wa juu uwe sentimita 8 hadi 10, ukifuata mstari, kuanzia kama sentimita 5 chini ya mkunjo wa kinena. Fungua fasia, yaani utando unaofunika misuli, nyuma ya longasi. Ukiendelea kuvuta kano kwa chini, msuli unaochezacheza mbele ya macho yako ndio wenyewe. Utenge na longasi kwa kidole, kisha mwambie msaidizi avute longasi mbele kwa retrakta pana, chombo cha kushikilia tishu kando. Hapa ndipo nafasi yako wewe kama msaidizi ilipo, na hapa ndipo watu wanapoharibu: retrakta ikivutwa kwa nguvu, au ikichomekwa ndani mno, inaikandamiza pedikeli ileile inayotafutwa, ateri inasinyaa na bingwa haoni mapigo. Vuta kwa upole, legeza kila baada ya dakika chache.

Pedikeli utaiona ikitokea chini ya longasi, ikipita karibu mlalo na kuingia kwenye uso wa ndani wa grasilisi: ateri moja yenye kipenyo cha milimita 1 hadi 2 na vena mbili pembeni yake. Juu yake kidogo, sentimita 2 hadi 3, uzi mweupe unaoteremka mshazari ni tawi la neva ya obturata linaloingia msulini. Tofauti hiyo ya mwelekeo inasaidia sana pale damu kidogo inapokuwa imechafua eneo: kinachokuja mlalo ni damu, kinachoteremka mshazari ni neva. Kwa flapu ya kuziba fistula huhitaji kuifuata pedikeli hadi kwenye profunda. Ione, ijue, iachie utando kidogo unaoizunguka, basi. Kuisafisha mpaka ing'ae ni urembo unaoweza kumgharimu mgonjwa. Usitumie diathermi, kifaa cha umeme cha kuziba damu, ya ncha moja karibu nayo. Funga kwa uzi au tumia ya ncha mbili.

Kisha ufungue msuli kutoka chini kwenda juu. Kata kano chini kadiri unavyoweza kuifikia, ivute itokee kwenye mkato wa juu, huku ukipitisha kidole uso wa ndani wa msuli. Njiani utakutana na pedikeli ndogo moja au mbili zinazotoka kwenye ateri ya femorali, moja karibu na katikati ya paja na nyingine chini zaidi. Zifunge kwa uzi kisha uzikate. Ukizichana kwa kidole, mwisho wa ateri unarudi ndani ya mfereji wa adakta, pembeni ya mishipa mikubwa ya femorali, unajikuta unatafuta damu kwenye shimo usiloliona. Msuli hautakufa kwa kuzikosa, kwa sababu pedikeli kuu inaulisha wote. Ngozi ndiyo haina uhakika: ukitaka kuchukua msuli pamoja na kipande cha ngozi, kichukue juu ya theluthi ya juu, maana ngozi ya theluthi ya chini hufa mara nyingi. Kwa fistula hii, msuli mtupu kwa kawaida unatosha.

Sasa msuli unageuzwa kwenye pedikeli yake na kupitishwa kwenye handaki chini ya ngozi, kutoka paja la juu hadi ukeni. Handaki lipitishe vidole viwili kwa raha. Watu hulipanua chini ya ngozi wakasahau ukingo wa fasia lata, nao ndio unaobana kama kitanzi, uchane. Kabla ya kupitisha, weka mishono miwili ya rangi tofauti kwenye kingo mbili za msuli, ili ukitokea upande wa pili ujue kama umejisokota. Usipofika, usiuvute. Angalia kwanza kama pedikeli imekazika au ni nyuzi za juu ya pedikeli zinazozuia. Ikibidi, mwanzo wa msuli kwenye mfupa wa kinena unaweza kukatwa ili kupata sentimita chache zaidi, lakini ukishafanya hivyo pedikeli inabaki bila nguzo, kwa hiyo shona msuli mahali palipo karibu ili uzito usiiangukie.

Mwisho wa flapu ushonwe kupita ukingo wa fistula, si pale ukingoni, kwa uzi unaoyeyuka namba 2/0 au 3/0, bila mvutano. Kata kipande kidogo cha ncha: kikitoa damu nyekundu, endelea. Ikitoka nyeusi, pedikeli imesokoteka au vena zimebanwa. Isipotoka kabisa, rudi ukaangalie fasia, handaki na shinikizo la damu la mgonjwa, kwa utaratibu huo. Pajani acha dreni, yaani mpira wa kutoa maji, kwa kuwa nafasi iliyoachwa na msuli hujaa maji.

Matumizi mengine ya anatomia hii nitayapitia kwa haraka, yatakukuta kwenye zamu nyingine. Mwaka 1952 Pickrell aliuzungusha grasilisi kwenye njia ya haja kubwa kwa watoto wasioweza kuizuia. Mwaka 1976 Harii na wenzake nchini Japani waliuhamisha pamoja na neva yake kwenda usoni kwa waliopooza uso, wakaunganisha ateri na vena kwa hadubini. Pale ambapo msuli unatakiwa ufanye kazi, kwa mfano kukunja kiwiko baada ya neva za bega kung'oka kwa ajali ya pikipiki, neva hufuatwa juu sentimita kadhaa, na mishono huwekwa juu ya msuli kila sentimita 5 kabla ya kuukata, ili huko unakokwenda uvutwe mpaka urefu uleule. Ukiwekwa umelegea hautakuwa na nguvu.

Madaktari wa mifupa huchukua kano yake, pamoja na ya semitendinosasi, kutengeneza ligamenti ya mbele ya goti. Hapo kosa la kawaida ni kutokata vitanzi vya pembeni vinavyoziunganisha kano hizo na utando wa msuli wa shavu la mguu; chombo cha kuchunia hufuata kitanzi na kano inakatika fupi. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mapaja yamejibana, kano ya longasi hukatwa karibu na mwanzo wake, na ikibidi grasilisi na sehemu ya brevisi. Ukishaupita longasi, neva iliyolala juu ya brevisi ni tawi la mbele, iache. Zamani lilikuwa likikatwa makusudi, na baadhi ya watoto wakaishia na mapaja yaliyofunguka yasiyorudi.

Na neva hiyo ina tabia ya kujitangaza. Daktari wa mkojo anapokwangua uvimbe ulio ukuta wa pembeni wa kibofu, umeme unaisisimua, paja linaruka ghafla kuingia ndani, na kitanzi cha kukwangulia kinatoboa kibofu. Ganzi ya mgongoni haizuii hilo, kwa kuwa neva inasisimuliwa chini ya mahali ilipozibwa. Mtaalamu wa usingizi huizuia kwa ultrasaundi, akiweka dawa kati ya longasi na brevisi, na kati ya brevisi na magnasi. Unaona brevisi amerudi tena katikati. Mama mzee mwembamba mwenye utumbo ulioziba na maumivu yanayoshuka upande wa ndani wa paja, yanayozidi mguu ukinyooshwa na kuzungushwa ndani, mfikirie ngiri ya tundu la obturata. Na mtoto anayelalamika goti huku goti likiwa zima, pima nyonga, maana neva hii inavipa hisi viungo vyote viwili.

Sasa mgonjwa wako. Mwambie hivi: utatembea. Kazi ya kubana paja inabaki kwa longasi, brevisi na magnasi, ambayo ni mikubwa kuliko grasilisi kwa mbali. Kazi ya kukunja goti inabaki kwa sartoriasi na misuli ya nyuma ya paja. Nguvu inayopungua ni ndogo, na watu wengi hawaitambui katika shughuli za kawaida. Atakachokitambua ni kovu, maumivu ya paja kwa wiki kadhaa akipanua miguu, na pengine kipande cha ngozi upande wa ndani wa paja chenye ganzi, ambacho hupungua taratibu au hubaki. Mwambie mapema kabla hajatia sahihi ya ridhaa, asije akaigundua mwenyewe akiwa anaoga.

Wodini, ainuke na kutembea kuanzia siku ya kwanza au ya pili, hatua fupi. Kumfunga kitandani kwa kuogopa flapu ni kumtafutia damu iliyoganda miguuni. Kinachokatazwa ni kupanua mapaja kwa nguvu: mwendo huo unavuta pedikeli na mishono kwa pamoja. Kwa hiyo choo cha kuchuchumaa hakifai kwa wiki 6 za mwanzo. Mtafutieni kiti cha choo, au kigoda kilichotobolewa katikati kikawekwa juu ya tundu, na hili lipangwe na ndugu zake kabla hajaruhusiwa. Mpira wa mkojo hukaa muda ambao bingwa ataamua. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani la siku 7 hadi 10 ni la fistula rahisi, na hii si rahisi. Kila zamu ihakikishe mkojo unashuka, kwa sababu mpira ukiziba kibofu kinajaa na kusukuma mishono yote uliyoona ikiwekwa. Dreni ya paja itolewe ikishatoa chini ya mililita 30 kwa saa 24. Paja likivimba ghafla, likawa gumu na dreni ikajaa damu nyekundu, usisubiri asubuhi: moja ya zile pedikeli ndogo imeachia uzi, na mgonjwa arudi chumba cha upasuaji.